Lita za Bure

Jumatatu, tarehe 2 Machi

Konda wangu,

Mama yako amesema kama siwezi kuzungumza na watu, basi niandike. Amenipa daftari hili, na kurasa zake ni nyingi kuliko maneno yangu. Nimelitazama siku mbili. Leo nimeona nikuandikie wewe, maana wewe hukuwahi kunikatiza nikisema, isipokuwa barabarani. "Kulia, baba! Nimesema kulia!" Ulikuwa na miaka minne, miguu haijafika hata ukingo wa kiti, tayari konda kamili. Jina likakushika mpaka ukubwani, mpaka ulipoendesha malori mwenyewe.

Mvua zimeanza, na daraja limekwenda na maji. Hospitali ya mjini ilikuwa kilomita sitini kwenda na kurudi. Sasa inabidi tupite mlimani, kilomita mia na hamsini. Mama yako figo zimechoka kabisa tangu ulipoondoka, husafishwa damu kwa mashine kila Jumanne na Ijumaa. Upande huu wa mto kuna kituo kimoja tu cha mafuta, nacho kinagawa kwa kipimo: kila gari lita arobaini kwa wiki, madumu mawili. Safari ni mbili. Dumu moja, safari moja. Mafundi wa daraja wanasema wiki nane.

Gari tulilo nalo ni pikapu yako, lile jitu lenye milango minne. Ndani ya tangi mna akiba ya lita thelathini. Nimeliosha vioo.

Njia ya mlimani ndiyo ile uliyoshuka na lori la kokoto miezi minane iliyopita, breki zikakataa. Sijapita huko tangu siku ile.

Jumanne, 3 Machi

Lita ishirini na tano. Nilitarajia ishirini.

Sijui zimekwenda wapi. Mteremkoni nililiachia gari kama nilivyokufundisha: gia kwenye frii, injini haivuti kitu, gari linashuka lenyewe kimya kimya, mguu uko tayari kwenye breki. Lita za bure, tulikuwa tunaziita. Kwenye ile kona mama yako alifunika uso kwa mtandio. Mimi nilitazama barabara.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua.

Ijumaa, 6 Machi

Ishirini na tano tena. Akiba imebaki lita ishirini. Wiki mbili zijazo tutaimaliza, na daraja bado lina wiki saba.

Jioni mama yako akasema, "Mwite yule fundi."

"Fundi gani?"

"Acha kujitia hujui. Mafundi wengine wote wako ng'ambo ya mto."

Nikasema Breki hatakanyaga uani kwangu. Konda, hukuwepo, kwa hiyo nikueleze. Ndiye aliyekuwa anahudumia malori ya machimbo ulikokuwa unafanya kazi. Siku ya mazishi yako alikuja, nikamnyooshea kidole mbele ya watu wote: "Breki za binti yangu ulizishika wewe." Alipoinama achukue udongo nikamzuia. Tangu siku hiyo mtaa mzima unamwita Breki. Machimbo wakamwachisha kazi. Jina nimempa mimi, na sijawahi kulijutia.

Mama yako alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta sketi juu kidogo nione vifundo vya miguu.

"Baba Konda, anayevimba ni mimi. Wewe kaa na hasira zako, mimi nitakaa na maji yangu. Tuone nani atatangulia."

Jumapili, 8 Machi

Amekuja. Alisimama nje ya geti na sanduku la spana mpaka mama yako akamwambia aingie.

"Shikamoo, mzee."

Nikaijibu ardhi marahaba. Kisha nikamwambia, "Jambo moja. Breki za gari hili hutazigusa. Nazikagua mwenyewe."

"Sawa, mzee."

Akaanza nyuma. Akafunua turubai, akatazama: minyororo, vyuma viwili vya reli, geti bovu, mifuko minne ya saruji iliyokwisha kuwa jiwe. Ulivinunua ujenge chumba chako. Sikuwa na moyo wa kuvishusha.

"Hivi navyo," akasema Breki, "mnavipeleka hospitali vikatibiwe?"

Mama yako akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mwaka jana, na nilimchukia yule mtu kwa hilo.

Tulivishusha mimi na yeye. Akapima upepo wa matairi, yote manne yalikuwa laini, akajaza. Akatoa filta ya hewa, akaigonga kwenye jiwe, ikatoka vumbi la kufinyanga chungu. Halafu akafungua njia ya maji ya injini, akachungulia.

"Thamostati iko wapi?"

"Nilimwambia binti yangu aitoe. Bila hiyo gari linapoa vizuri."

"Ndiyo tatizo, mzee. Linapoa mno. Injini ikiwa baridi inakula kama mtu aliyetoka kuugua." Akaenda kwake, akarudi na moja ya gari bovu, akaifunga.

Hilo nilikufundisha mimi, Konda. Unakumbuka tulivyoitoa pamoja, ukaichezea kama sarafu siku nzima?

Jumanne, 10 Machi

Lita ishirini na tatu.

Nilimwambia mama yako. Akasema, "Kamwambie aliyefanya." Sikwenda.

Ijumaa, 13 Machi

Asubuhi nilikuwa nimewasha gari, linaunguruma uani, mama yako anavaa viatu taratibu. Breki akapita na baiskeli, akasimama.

"Linamsubiri nani?"

"Linapata joto. Dakika ishirini kabla ya safari."

"Kila siku?"

"Tangu nianze kuendesha, hujazaliwa."

Akajikuna shingo. "Mzee, hiyo ilikuwa ya magari ya zamani. Haya unawasha, unafunga mkanda, unaondoka polepole. Joto litawakuta njiani."

Nikazima kwa hasira, si kwa kukubali. Lakini hilo nalo nilikufundisha. Naona ulivyokuwa unapiga mswaki dirishani huku gari linaunguruma, unanipungia mkono wenye povu.

Leo nimevua kiatu cha kulia. Kwa mguu mtupu nahisi kila ninapoizidishia injini, mlimani napandisha kama ninayemwamsha mtoto. Lita ishirini na mbili. Akiba imebaki kumi na tano.

Tulipofika nyumbani nikasikia harufu ya kuungua upande wa nyuma.

Jumapili, 15 Machi

Gurudumu la nyuma kushoto. Jana nilizunguka kidogo nalo, nikalitemea mate, yakachemka. Breki imeshika na haiachii. Gari linakwenda huku linajivuta lenyewe, ndiyo maana linakunywa. Nimeishi na magari miaka arobaini, lakini mikono yangu siku hizi inatetemeka, na spana ndogo sizioni vizuri.

Nilikwenda mwenyewe kumwita. Alisimama mbele ya gurudumu na mikono mfukoni.

"Uliniambia nisiguse."

"Gusa."

Niliweka kigoda hatua moja kutoka kwake. Nilitazama kila nati. Alitoa kila kipande, akakiosha, akakipaka grisi mahali pake, na kabla ya kukirudisha alininyooshea nikione, kama mwanafunzi anayemwonyesha mwalimu daftari. Saa tatu nzima. Nilikuwa nangoja nione uzembe. Nilitaka niuone, Konda, nisikufiche. Sikuuona.

Alipomaliza akasema, "Zungusha mwenyewe." Nikazungusha gurudumu kwa kidole kimoja, likaenda, likaenda.

Jumanne, 17 Machi

Mlima umeporomoka. Tuliukuta udongo umekaa katikati ya barabara, mti mzima umesimama juu yake kana kwamba umeota hapo. Tukasubiri saa tatu, nimezima gari. Magari mbele, magari nyuma, mvua juu. Mama yako hakulalamika, na hilo ndilo lililonitisha. Alihesabu pumzi. Nilimsikia.

Saa nane mchana wakasema leo haiwezekani. Tukageuza. Lita kumi na mbili zimekwenda bure, na damu haijasafishwa.

Sasa analala ameketi, mito miwili mgongoni. Akipumua kuna sauti kifuani kama mtu anayevuka maji. Nimeweka mkono mgongoni mwake. Tukipungukiwa mafuta, itakuwa hivi kila wiki mpaka siku ambayo haitakuwa hivi tena.

Jumatano, 18 Machi

Njia imefunguliwa kwa upande mmoja. Tumefika. Muuguzi alimpima uzito: kilo nne za maji. Akanigeukia, "Baba, mnataka kumpoteza? Asiruke siku tena." Nikasema sawa, mama, kama mtoto wa shule.

Lita ishirini na moja. Safari ijayo ni Jumamosi.

Jumamosi, 21 Machi

Nitaandika polepole.

Breki alikuwa na kipuri cha kufuata mjini, akaomba lifti. Alikuja na kidude cheusi, ukubwa wa kiberiti, akakichomeka chini ya usukani. Akaniambia simu yake itaonyesha gari linakunywa lita ngapi kwa saa, dakika hiyo hiyo. Kupanda mlima tulikwenda tunaitazama kama watu wanaotazama mpira. Nikikanyaga, kumi na nane. Nikilegeza, kumi na mbili. Nilifurahi kidogo.

Wakati wa kurudi mama yako alilala kiti cha nyuma, mashine humchosha. Tulipofika kileleni nikasukuma gia kwenye frii.

"Sasa tazama," nikamwambia. "Hapa ndipo pa kuokoa. Lita za bure."

Simu ikaandika moja nukta moja.

"Hiyo moja ni ya nini?"

"Ya injini kubaki hai. Ukiweka frii haina wa kuizungusha, lazima inywe isizime." Kisha akasema, "Weka gia ya tatu. Toa mguu kwenye mafuta."

Nikaweka. Gari likaguna, likajishikilia. Simu ikaandika sifuri.

"Imezima," nikasema.

"Haijazima. Magurudumu ndiyo yanaizungusha injini, haiombi hata tone. Na injini inalishikilia gari, breki zinapumzika."

Nikarudisha frii. Moja. Nikaweka gia. Sifuri. Frii. Moja. Gia. Sifuri. Nilifanya hivyo mara nne au tano, mpaka akaichukua simu akaitia mfukoni. Hakuna aliyemwomba aitie mfukoni.

Nikasema, "Mteremko huu nilimfundisha Konda hivi. Wote. Kuanzia pale juu."

Aligeukia dirisha lake. Tulikuwa tunakaribia ile kona.

"Barabara inateleza, mzee," akasema. "Tazama mbele."

Lita ishirini kamili. Akiba imebaki mbili.

Jumapili, 22 Machi

Nilikwenda gereji kwake. Alikuwa anaosha nati kwenye kopo.

"Gia ya lori ilikuwa wapi?"

"Lori gani?"

"Unalijua."

Akaendelea kuosha. "Mambo hayo yamekwisha, mzee."

"Kwangu hayajakwisha. Ilikuwa wapi?"

Aliweka nati moja juu ya gazeti, ya pili, ya tatu. "Frii."

Kisha akaeleza, kwa kuwa nilikataa kuondoka. Ndiye aliyefika wa kwanza, kabla hawajalivuta lori. Breki zilikuwa nzima, alizifunga wiki ile ile, lakini zilikuwa zimeungua mpaka chuma kimegeuka rangi. Tani kumi na mbili za kokoto, kilomita kumi na moja za kushuka, gia haijashika kitu. Hakuna breki inayoweza kubeba hayo peke yake.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuja kusema. Siku ya mazishi nilikuja nikuvute pembeni. Ukaanza kupaza sauti, ukasema mwanangu nimemfundisha mwenyewe, hakuna dereva kama yeye. Nikajiambia, baba huyu nikimweleza leo, kesho tunachimba kaburi la pili."

"Na kazi yako?"

"Si nilipata nyingine?" Akatazama gereji yake: baiskeli moja na gurudumu la pikipiki. "Kama unavyoona, tumezidiwa na wateja."

Nilitaka kucheka naye. Nikaketi chini kwenye oili. Akaniletea maji katika kikombe chake, akakifuta kwanza kwa shati.

Konda, walikuwa wananiambia ulikuwa dereva bora wa machimbo kwa kuokoa mafuta. Nilikuwa najivuna. Hata hayo mafuta hukuyaokoa, mwanangu. Ulikuwa unayachoma, kwa neno langu.

Kuanzia leo sitaandika lile jina. Ni fundi.

Jumatatu, 23 Machi

Lori la mafuta limekwama. Kituo kimetoa dumu moja kwa kila gari badala ya mawili. Nina lita ishirini na mbili, na hizo mbili ziko chini kabisa ya tangi. Fundi anasema tusizitegemee.

Mama yako anauliza kwa nini sili. Sijamwambia.

Jumanne, 24 Machi

Alikaa kiti cha mbele leo. Mvua nyembamba, ukungu. Tulipoanza kushuka akainua kichwa.

"Mbona gari linalia hivi?"

"Liko kwenye gia."

"Zamani ulikuwa unaliachia. Linashuka kimya, nasinzia."

"Nimeacha."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema fundi ameshauri. Ingekuwa kweli, na safari ingeendelea. Nilifungua mdomo niseme hivyo, yakatoka mengine. Nilimweleza kuanzia kile kidude mpaka zile nati juu ya gazeti. Sikupunguza. Nilikuwa nashika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi.

Hakufunika uso.

"Alikuwa frii?" akauliza.

"Alikuwa frii."

"Na ulimfundisha wewe."

"Mimi."

Saa nne za mashine nilikaa kwenye benchi la nje, viatu mkononi. Alipotoka alipita mbele yangu, akafungua mlango mwenyewe, akaketi.

Kurudi, mshale uliingia kwenye nyekundu kabla ya nusu ya kupanda. Nilizima taa zisizo na kazi, nikazima feni ya ndani. Gia kubwa, mguu mwepesi, kioo kinafifia kwa ukungu, nakifuta kwa kiganja. Karibu na kilele injini ilikohoa mara moja. Mama yako akashika mkanda. Ikakohoa tena, ikashika. Nikasema moyoni, si leo, mlima, si huyu.

Tukafika juu. Mbele yetu kilomita kumi na moja za kushuka, mshale umelala. Na unajua, Konda, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Baada ya yote. Miaka arobaini iliuchukua mkono ikaupeleka kwenye frii, kwa sababu mwili ukiogopa unafanya unachokijua.

Mama yako akaweka mkono wake juu ya wangu, akaukandamiza. Gia ikabaki ya tatu. Hakunitazama. Tulishuka hivyo mpaka chini, mikono miwili kwenye gia moja, gari linaguna.

Limezima getini. Nimelisukuma na jirani.

Jumatano, 25 Machi

Ameniwekea chai. Hakuketi.

Alhamisi, 26 Machi

Lori la mafuta limefika. Asubuhi mama yako akasema, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza tangu juzi, "Leo kituoni atakuwepo nani?"

"Madereva wote."

"Na fundi?"

"Anahitaji mafuta ya kuoshea vipuri. Atakuwepo."

"Jina ulilompa ulimpa mbele za watu. Kamvue mbele za watu. Ukirudi hujasema, usizime gari. Pitiliza."

Foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye duka la mbao. Fundi alikuja na dumu lake, na mara madereva wakaanza.

"Breki! Kaa mbali na mimi, nisije nikashindwa kusimama!"

"Mpisheni, huyo akija hasimami!"

Wakacheka. Naye akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayengoja mvua ipite. Nilikuwa nimeliona mara ngapi nikalihesabu kuwa la mtu asiye na aibu?

Nikapanda nyuma ya pikapu. Sauti yangu siku hizi ni ndogo, ikabidi nigonge bodi kwa funguo.

"Jina hilo nilimpa mimi," nikasema. "Nilimpa kwa uongo. Breki za lori la binti yangu zilikuwa nzima. Alishuka frii. Aliyemfundisha kushuka frii ni mimi."

Dereva wa gari la mikate akasema, "Shuka, mzee wangu, utaanguka." Alisema kwa upole. Nikakataa. Nikawaeleza habari ya moja na sifuri.

"Kwa hiyo frii si frii?" mmoja akauliza, na kuna waliotaka kucheka wakaacha.

"Si frii."

Yule dereva mnene wa machimbo, mliyekuwa mkimwita Gunia, akakunja mikono. "Mimi nimeshuka frii miaka ishirini, mzee, na niko hapa."

"Mimi arobaini," nikamwambia. "Na mimi niko hapa."

Nikashuka. Fundi akasogeza dumu lake mpaka miguuni pangu.

"Mzee, nishikie foleni. Naenda kujisaidia."

Alikaa nusu saa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na uso umeoshwa. Dereva wa mikate akampisha mbele. "Pita, fundi," akasema.

Niliporudi nyumbani mama yako alikuwa amesimama mlangoni. Akaitikisa shingo kuniuliza. Nikaitikia. Akasema, "Zima gari, uje ule."

Hajanisamehe. Ananiangalia kama anayetafuta mahali pa kuanzia.

Ijumaa, 27 Machi

Lita kumi na tisa. Uvimbe wa miguu yake umepungua.

Ijumaa, 3 Aprili

Kumi na tisa. Aliniuliza njiani ulikuwa unapenda kukaa upande gani ukiwa mdogo. Nikamwambia.

Jumanne, 14 Aprili

Kumi na tisa. Mvua kubwa, lakini udongo haukushuka.

Jumatatu, 27 Aprili

Daraja limefunguliwa. Wamelijenga juu kidogo kuliko la zamani. Hatujakosa mashine tena tangu siku ile ya maporomoko. Kesho ni kilomita sitini tu, madumu mawili yatakaa wiki mbili na kitu. Fundi anasema nisirudishe vyuma vyako kwenye gari. Tumevipanga ukutani, na mama yako anasema chumba kitajengwa, awepo wa kulala humo au asiwepo.

Alhamisi, 30 Aprili

Leo sikuwa na sababu ya kwenda mlimani. Nilikwenda. Niliegesha chini kabisa ya mteremko, nikazima, nikashusha kioo.

Lori la kwanza nililisikia kabla halijatokea. Linaguna kutoka kona ya juu, gia ndogo, polepole. Nikafumba macho. La pili vilevile, linanguruma mlima mzima.

La tatu lilitokea kwenye kona kimya. Limejaa mpaka juu, halitoi sauti, matairi tu juu ya maji. Lilinipita na upepo wake ukatikisa pikapu.

Nililifuata mpaka kwenye mizani, wanapopima mzigo. Alikuwa Gunia.

"Mzee! Wewe tena? Umekuja kunihubiria?"

"Hapana. Nilikuwa nakusikiliza ukishuka."

Akacheka. "Haya, umesikia nini?"

"Sikusikia kitu."

Kicheko kikamwishia mdomoni. Alitazama gurudumu lake la mbele, linatoa moshi mwembamba kwenye mvua. Akasogea, akaweka kiganja karibu nalo, akakiondoa haraka. Nilimwambia nitakuwa pale chini keshokutwa, kuanzia saa mbili, na siku zote zisizo za mashine.

Daftari limekaribia kwisha, Konda wangu. Mama yako amelala, anapumua vizuri. Sikuombi kitu kingine.

Unikumbuke.

Baba